Dumu ya Mazishi: Je, Kuna Mbolezi Bila Marehemu?

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiulizwa maana ya mbolezi, hujibu bila kusita kwamba ni wimbo wa huzuni unaoimbwa wakati wa msiba. Akiombwa kutaja sifa zake, huorodhesha: kumsifu marehemu, kukilaumu kifo, kuwaliwaza wafiwa, takriri, na lugha ya kitamathali. Jibu hilo hupata alama zote. Hata hivyo, ndani yake hamna sauti hata moja. Halituelezi kama wimbo huo huenda upesi au polepole, nani huuanzisha na nani huitikia, wala kimya huingia mahali gani. Vitabu vingi vya kiada, na mitihani inayovifuata, huichukulia mbolezi kama shairi lililolazwa kwenye karatasi.

Katika makala haya tunanuia kuhakiki muziki wa kigeni ambao hali yake ni kinyume kabisa cha hiyo. Maneno yake karibu hayasikiki, na karibu kila kitu kimeachiwa sauti. Muziki huo ni tawi la metali linalojulikana kwa Kiingereza kama funeral doom. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuukuta katika kurasa za idara ya Kiswahili. Tunawaomba watuvumilie, kwa kuwa swali tunalouliza ni la kifasihi: je, sauti peke yake, pasipo maneno ya kueleweka na pasipo marehemu anayetajwa, inaweza kuomboleza?

Kwanza, suala la istilahi. Neno doom lina maana ya maangamizi, au mwisho mbaya usioepukika. Tukilitohoa kwa kufuata mfumo wa sauti za Kiswahili tunapata dumu. Utohozi huo una bahati yake, maana kitenzi chetu kudumu kinaieleza sifa kuu ya muziki huu kuliko neno la asili linavyoieleza: ni muziki unaokaa, unaokawia, usiotaka kwisha. Kwa hiyo tutauita dumu ya mazishi. Wale ambao neno dumu huwakumbusha chombo cha maji watatuwia radhi.

Asili na sura ya muziki huu

Mizizi ya dumu hufuatiliwa hadi Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath lilitoa albamu yake ya kwanza mnamo Februari 1970. Albamu hiyo hufunguka kwa sauti ya mvua na kengele, kisha gitaa zito linaingia kwa mwendo wa kujikokota. Mpigaji gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Baadaye alizilegeza nyuzi za gitaa lake ili zisimuumize, na sauti ikazidi kuwa ya chini na nzito.

Dumu ya mazishi yenyewe ilizaliwa miaka ya mwanzo ya 1990, pale vijana waliporithi uzito huo, wakaupunguza mwendo hadi karibu na kusimama, na kuutilia sauti ya mwimbaji inayonguruma kutoka kifuani. Nchini Ufini, kundi la Thergothon lilitoa albamu ya Stream from the Heavens mwaka 1994. Mwaka uliofuata, kundi la Skepticism, la Ufini pia, likatoa Stormcrowfleet, ambamo kinanda kinachotukumbusha kanisani kinatandazwa chini ya gitaa mithili ya mkeka. Wakati huohuo kundi la Esoteric lilikuwa limeanza Birmingham mwaka 1992, na Mournful Congregation lilianza mjini Adelaide, Australia, mwaka 1993.

Tumeitaja Adelaide kwa makusudi. Waandishi wengi wanapoueleza muziki huu hukimbilia hali ya hewa: baridi ya Ufini, majira marefu ya giza, misitu na theluji. Maelezo ya namna hii tunayafahamu vyema katika uhakiki wa fasihi, ambapo kazi ya mtunzi hufanywa kuwa kivuli tu cha mazingira yake. Adelaide ni mji wenye majira ya joto kali na kavu. Iwapo muziki uleule umechipuka huko karibu wakati uleule, basi baridi peke yake haitoshi kuwa sababu. Lililo sahihi zaidi ni kwamba vijana hawa walikuwa wakisikilizana kwa mbali kupitia kanda na barua, na kila mmoja akiulizia jambo moja: muziki unaweza kwenda polepole kiasi gani kabla haujakoma kuwa muziki?

Kwa msomaji ambaye hajapata kuusikia, hebu tuueleze. Gitaa hupigwa mara moja, kisha sauti yake huachwa ivume hadi ikaribie kufa. Ngoma hugongwa pigo moja, na msikilizaji anabaki akilingojea la pili. Mara nyingi mapigo hayafiki 60 kwa dakika, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Hivyo basi, muziki huu huenda taratibu kuliko mwili wa anayeusikiliza. Katika dakika za mwanzo mwili hukataa; mtu hutamani kuusukuma wimbo mbele. Baada ya muda kitu fulani huachia, na masikio huanza kuyasikia yale ambayo muziki wa kasi huyaficha: kufifia kwa sauti, mkwaruzo wa nyuzi, na uzito wa kimya.

Mwendo usiobeba jeneza

Wapo watakaosema kuwa polepole ni jambo la kawaida katika muziki wa mazishi wa Ulaya. Ni kweli, lakini kuna tofauti ambayo mhakiki hana budi kuibainisha. Tuchukue mfano unaofahamika zaidi, yaani machi ya mazishi ya Frédéric Chopin, iliyomo katika sonata yake ya piano iliyokamilika mwaka 1839 na ambayo ilipigwa katika mazishi yake mwenyewe mjini Paris mwaka 1849. Machi, kama jina linavyoonyesha, ni muziki wa miguu. Polepole yake ina kazi: inawapa wabeba jeneza hatua ya pamoja, mguu wa kulia na mguu wa kushoto, hadi kaburini. Kila pigo ni hatua moja kuelekea mwisho wa shughuli.

Dumu ya mazishi haiwezi kufanya kazi hiyo. Hakuna mtu awezaye kutembea kwa mwendo wake. Kati ya pigo na pigo, mwenye jeneza angesimama na mguu mmoja juu. Kwa hiyo, ijapokuwa jina lake linataja mazishi, kwa maoni yetu muziki huu hauna msafara. Ni muziki wa walioketi. Ukitafuta kinachofanana nao katika maisha yetu, usiende makaburini. Nenda kwenye mkesha, kwenye turubai usiku wa manane, saa ambayo nyimbo zimepungua, moto umebaki makaa, na watu wamekaa tu kwa kuwa kuondoka kungekuwa vibaya zaidi. Saa hiyo haisongi. Hilo ndilo dumu ya mazishi inalolipata barabara, na hakuna muziki mwingine tunaoufahamu unaoonyesha kwa uaminifu kiasi hicho jinsi muda wa mfiwa unavyokataa kupita.

Pamoja na hayo, tujihadhari na kosa la kudhani kwamba huzuni na polepole ni kitu kimoja kila mahali. Hapa Uganda tunao ushahidi wa kinyume. Okot p'Bitek, katika mkusanyo wake wa nyimbo za Waacholi uitwao Horn of My Love, uliochapishwa mwaka 1974, aliziweka mbolezi pamoja na ngoma ambamo huimbwa. Mwombolezaji huko hajikunji pembeni. Anacheza, anakanyaga ardhi, na kifo kinakabiliwa kama adui aliyeivamia boma. Mwendo wa namna hiyo una huzuni tele ndani yake, ila ni huzuni iliyosimama wima. Kwa hiyo polepole ya dumu ni uteuzi wa kifani, kama vile mizani na vina vilivyo uteuzi wa mshairi. Si sheria ya maumbile. Mwanafunzi akilielewa hilo, atakuwa amepiga hatua katika nadharia ya fani ambayo hatuipati kwa kukariri orodha.

Sauti isiyo na neno

Tunafika sasa kwenye pingamizi kubwa la mwanafasihi. Je, kazi ambayo maneno yake hayasikiki inastahili uhakiki wa kifasihi? Mwimbaji wa dumu ya mazishi hunguruma. Hata mzawa wa lugha husika hawezi kufuata bila kuwa na maandishi mbele yake.

Tunadiriki kujibu kwamba pingamizi hili linasahau kilio. Katika msiba, kabla ya wimbo kuna ukemi, kuna kwikwi, kuna jina la marehemu linaloitwa hadi silabi zake zinavunjika. Mbolezi huota palepale kwenye mpaka wa kulia na kuimba, na mwimbaji hodari huvuka mpaka huo mara kwa mara. Mtaalamu wa muziki wa Ghana, J. H. Kwabena Nketia, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu mbolezi za Waakan, alizichunguza akiwa mtu wa lugha na mtu wa muziki kwa pamoja, na ndiyo sababu kitabu hicho bado kina uhai. Neno katika msiba huvaa sauti, na mara nyingine sauti hulimeza neno. Dumu ya mazishi imelichukua tukio hilo la kumezwa na kulifanya kuwa msingi wa fani yake yote.

Hata hivyo, hapa ndipo udhaifu wake unapojitokeza. Kilio cha kweli hubadilika. Hupanda, huvunjika, huchoka, hutulia kidogo mgeni mpya anapoingia, kisha huanza upya. Ngurumo ya dumu, katika albamu nyingi, ina rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachoanza kama uchungu huishia kuwa vazi: mwimbaji amelivaa jozi jeusi na halivui. Aidha, ukiyasoma maneno yenyewe unaweza kukuta kwamba hayahusiani na msiba wowote. Thergothon walivutiwa na hadithi za kutisha za Mmarekani H. P. Lovecraft. Kundi la Ahab la Ujerumani liliijenga albamu yake ya mwaka 2006, The Call of the Wretched Sea, juu ya riwaya ya Herman Melville kuhusu nyangumi mweupe. Ni kazi zenye nguvu, nasi hatuzibezi. Lakini mazishi yako wapi? Yamo katika sauti tu. Jeneza lipo, ndani yake hamna mtu.

Msiba wenye jina

Hoja yetu kuu inajengwa juu ya kazi moja ambayo jeneza lake si tupu. Kundi la Bell Witch la mjini Seattle, Marekani, lina wanamuziki wawili tu: mpigaji besi na mpigaji ngoma. Gitaa la kawaida hamna. Mwaka 2015 walitoa albamu ya Four Phantoms, wakati mpigaji ngoma na mwimbaji akiwa Adrian Guerra. Baada ya hapo Guerra aliachana na kundi, na mwaka 2016 akafariki dunia. Mwenzake, Dylan Desmond, pamoja na mpigaji ngoma mpya, Jesse Shreibman, wakatoa Mirror Reaper mwezi Oktoba 2017. Ni wimbo mmoja wenye dakika 83.

Katikati ya wimbo huo wameweka sauti ya Guerra mwenyewe, iliyokuwa imerekodiwa kwa ajili ya albamu iliyotangulia na isitumike. Hatuoni ufundi wa kujionyesha hapo. Kwa nusu nzima wimbo umekuwa ukimngoja mtu, na mtu huyo anapokuja, anakuja kwa sauti aliyoiacha. Ngurumo ileile tuliyoilalamikia, ambayo kwingineko ni vazi, hapa inageuka kuwa mabaki ya marehemu. Baada ya kupita kwake, muziki unapungua nguvu, sauti zinakuwa laini na tupu, na nusu ya pili inakaa muda mrefu sana pasipo kufanya jambo kubwa. Wasikilizaji wengine huiona nusu hiyo kuwa inachosha. Sisi tunaiona kuwa ndiyo kiini cha kazi. Baada ya mazishi watu hutawanyika, sufuria zinarudishwa kwa wenyewe, na mfiwa anabaki na nyumba. Hiyo nayo ni sehemu ya msiba, ila ni nadra kuikuta katika mbolezi, kwa kuwa wakati huo waimbaji wameshakwenda makwao.

Tukilinganisha Mirror Reaper na kazi nyingi za tanzu hii, tunaona kwamba chombo ni kilekile: besi nzito, ngoma ya kungojewa, urefu unaoelemea. Tofauti ni kuwapo kwa marehemu mwenye jina. Hapo ndipo urefu unapata sababu na giza linapata mwelekeo. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: sauti pasipo maneno inaweza kuomboleza, tena kwa kina. Sauti pasipo marehemu huzaa hali ya huzuni tu, na hali ya huzuni bado si maombolezo. Mwombolezaji humlilia mtu.

Nani anaitikia?

Bado kuna pengo moja. Wahenga walisema, kifo cha wengi ni harusi. Katika mbolezi zetu yupo mwanzishaji na wapo waitikiaji, na muitikio huo ndio unaomwambia mfiwa kwamba hayuko peke yake. Dumu ya mazishi kwa sehemu kubwa husikilizwa na mtu mmoja chumbani, vipokea sauti vikiwa masikioni. Jina la Mournful Congregation maana yake ni kusanyiko la waombolezaji, lakini kusanyiko lenyewe limetawanyika duniani kote na halionani. Skepticism walijaribu kulikaribia jambo hili walipoirekodi albamu yao ya Ordeal mbele ya hadhira mjini Turku mwaka 2015. Hata hapo, hadhira ilikuja kusikiliza, haikuja kuitikia.

Zamani tungeweza kuliita jambo hili upungufu wa wenzetu na kuishia hapo. Leo hatuna haki hiyo. Mwaka 2020, janga la korona lilipopunguza idadi ya watu walioruhusiwa mazishini, familia nyingi katika nchi zetu zilizika haraka, bila mkesha na bila waitikiaji. Wengine waliomboleza vyumbani, simu zikiwa mkononi. Tumeijua, angalau kwa msimu mmoja, hali ya kulia peke yako. Muziki uliobuniwa kwa ajili ya upweke wa namna hiyo haustahili kudharauliwa kwa sababu tu umetoka mbali. Tena metali yenyewe si ngeni kabisa kwetu: mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake kupitia Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala, ingawa muziki wao ni wa kasi ya ajabu, kinyume kabisa cha dumu.

Tunajifunza nini darasani?

Hatupendekezi kwamba dumu ya mazishi iingizwe katika silabasi ya Kiswahili. Tunapendekeza itumike kama kioo. Mwalimu anaweza kuwasikilizisha wanafunzi dakika kumi za Mirror Reaper bila kuwaeleza lolote, kisha awatake waeleze walichosikia kwa Kiswahili, bila kutumia neno huzuni. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi atalazimika kutafuta msamiati wa sauti: kuvuma, kukwaruza, kufifia, kudidimia, kunguruma, kutua. Lugha yetu imejaa maneno haya, lakini ni mara chache tunawadai wanafunzi wayatumie katika uhakiki.

Hatua ya pili ni kuirudia mbolezi ya nyumbani, iwe ya Kiganda, Kisoga, Kiacholi au Kinyankole, na kuihakiki kwa maswali yaleyale. Mwendo wake ukoje, na kwa nini? Nani anaanza? Kimya kinaangukia wapi? Ni mahali gani neno linamezwa na kilio? Marehemu anaitwa kwa jina gani, na nani mwenye haki ya kumwita hivyo? Majibu ya maswali haya hayamo katika orodha ya sifa tano. Tungependa pia kusisitiza jambo la adabu: mbolezi haikusanywi kwa kumnyemelea mfiwa na kinasa sauti. Wazee waombwe ruhusa, nao waimbe siku wanayoiona inafaa. Msiba wa jirani hauwezi kugeuzwa kuwa kazi ya nyumbani.

Kila mwaka wapo wazee wanaoondoka na mbolezi ambazo hakuna aliyezisikiliza kwa makini, huku maneno ya baadhi yake yakiwa yamehifadhiwa vizuri kabisa katika maktaba zetu. Karatasi zinabaki na mwendo unazikwa. Iwapo vijana wawili wa Seattle waliona kwamba sauti ya mwenzao inastahili dakika 83, nasi tunaweza kuipa mbolezi ya bibi zetu zaidi ya aya moja katika kitabu cha kiada. Walimu na wanafunzi watakaojaribu zoezi hili tunawakaribisha watuandikie katika toleo lijalo, watueleze ni maneno gani ya Kiswahili yaliyowafaa, na ni wapi maneno yaliwaishia.